Nyuma ya Amri

Siku ishirini na nane.
Si mwezi wa kalenda wala mwezi wa angani:
ni mwezi wa sindano,
leo tako la kulia, zamu ijayo la kushoto,
na nikisahau upande
Sista Kathini hasahau. Ameandika.

Amri yenyewe ni karatasi moja,
mhuri wake umevuja wino.
Inasema niko huru,
kisha inaorodhesha.
Nisitoke Nairobi bila kutoa taarifa.
Nisikose kliniki.
Nikikosa, nifuatwe.

Mimi ni fundi wa vioo, Kariobangi.
Ukitaka kujua dawa inanifanya nini
usiniulize kama nalala.
Nipe almasi ya kukatia, nipe rula,
kisha tazama mstari.
Siku hizi unatetemeka
kama mzee anayetia sahihi hati ya shamba.
Milimita tatu tu.
Lakini kioo hakijui "tu",
na mteja anataka fremu yake saa kumi.

Nilimwambia daktari. Kijana mstaarabu.
Akasema, "Lakini umetulia."
Kutulia!
Maji ya mtungini nayo yametulia.

Ndipo mwezi wa tano sikwenda.

Siku ya tatu akaja Sista mwenyewe,
kwa miguu, viatu vya raba, boksi la barafu begani,
akipita kati ya mafundi wa mageti na cheche zao,
na kila mtu akijua boksi lile ni la nani.
Mama Achola wa chapati akageuza uso kwa heshima.
Heshima ile iliniuma kuliko sindano.

Nikasimama nyuma ya kioo kikubwa cha duka la nguo
kana kwamba kioo kinaficha.

"Wafubwa, nakuona."
"Najua. Ndiyo kazi yako."

Akakalia debe la rangi.
Akavua kiatu kimoja, akakung'uta changarawe.
Boksi hakulifungua.

Akasema: Kulikuwa na mtu kabla yako, Njogu.
Alinisihi kwa macho, kama wewe.
Nikamwachia mwezi mmoja, mmoja tu, apumzike,
nikaweka alama ya vema kwenye kadi.
Walimtoa mtoni Jumapili.
Kadi ingali na alama yangu.
Ukiiona amri ina jina lako,
tazama chini. Langu pia limo.

Ningesema pole. Sikusema.
Nilikumbuka usiku wangu,
vioo kumi na saba vikiniita kwa jina la marehemu baba
nami nikivijibu kwa nyundo.
Huu hapa mshono, kiganjani.
Sikatai kwamba niliugua.

"Kila mwezi," nikamwambia, "unaniuliza:
Unasikia sauti? Unalala? Unataka kujidhuru?
Hujawahi kuniuliza kioo kinakatwaje."

Mashine ya jirani ikanguruma, ikazima.
"Kinakatwaje?"

Nikamwonyesha.
Mkono ukatetemeka mbele yake, mchana kweupe,
sikuuficha.
Kioo kikalia, kikakatika vibaya.
Akaokota kipande, akaupitisha ukucha penye kombo.
Kwenye fomu hakuna kisanduku cha mikono;
akaandika pembeni, wima, hadi karatasi ikaisha.

"Daktari atasoma?"
"Sijui. Nitasimama mlangoni mpaka asome."
Kisha: "Lakini leo, Wafubwa..."
"Najua. Kushoto."
"Kulia," akasema,
na kwa lugha yetu neno hilo lina kazi mbili.

Nikaingia nyuma ya pazia.
Sikumsamehe. Wala hakuomba.

Alipokuwa akiondoka akasema,
kama mtu aliyesahau chumvi dukani,
dirisha la kliniki lilivunjika tangu mvua zianze,
wameliziba kwa katoni,
watu wanapigwa na baridi kwenye foleni.
Akapima hewani kwa viganja: hivi, kwa hivi.
Viganja vyake havikutetemeka.

Sikuwa na karatasi nyingine.
Nikaigeuza ile yenye mhuri,
na nyuma ya amri nikaandika:
inchi kumi na nne kwa ishirini na mbili.
Chini yake nikapiga mstari,
bila rula.